Dawa Iliyokuja na Njaa

Majirani wa ghorofa yetu hawakuwahi kumtukana mtoto wangu. Ninalisema hilo mapema, mtu asije akadai nimewasingizia. Hawakumtukana, walimnunulia sahani. Ilikuwa ya plastiki, ya bluu, na mama wa mlango wa mkabala aliniletea mwenyewe ikiwa bado na kibandiko cha dukani. Alinikabidhi kwa mikono miwili, akaniambia, "Hii ni ya mtoto, mama. Ya kwake peke yake." Nami nikasema asante, maana nilikuwa nimelelewa vizuri.

Tunaishi mtaa wa Pipeline, ghorofa ya tano, chumba kimoja kilichogawanywa kwa pazia. Milango ya ghorofa yetu inatazamana kwenye koridoo moja ndefu, na mwisho wa koridoo kuna bomba na choo. Vyumba ni vidogo, na ukiwasha jiko la makaa ndani utajifukiza kama nyama, kwa hivyo chapati za Jumapili hupikiwa koridoo. Hiyo ndiyo desturi yetu. Watu wakishatoka kanisani kila nyumba hutoa kitu, huyu unga, yule mafuta, mwingine dengu au kabeji. Mama wa mkabala ndiye hukanda na kusukuma, na hakuna aliyethubutu kumnyang'anya kazi hiyo, kwa sababu chapati zake ni laini mpaka kesho yake. Halafu watoto wote wanawekewa sinia moja sakafuni. Hapo haulizwi mtu kama kwao ni Vihiga au ni Murang'a. Mtoto anayekaa kwenye sinia ni wa ghorofa, na asiyekaa ni mgeni.

Binti yangu alikaa kwenye sinia hilo tangu alipojua kukaa. Kifafa kilimshika akiwa darasa la pili. Mara ya kwanza alianguka juu ya paa, pale tunapoanika nguo, akiwa anacheza na wenzake kati ya mashuka yaliyolowa. Watoto walishuka ngazi wakilia kwamba anakufa. Nilimkuta amekakamaa, macho juu, povu mdomoni, na wanawake wawili wamesimama mbali wameshika vikapu vyao vya nguo. Hakuna aliyemgusa. Nilimlaza ubavu mwenyewe, nikampangusa mdomo kwa leso yangu, na mmoja wao akaniambia kwa upole, kana kwamba ananisaidia, "Usiguse hayo mate, mama. Ndiyo yanaambukiza."

Kifafa hakiambukizi. Nimeshasema hivyo mara nyingi mpaka ulimi umeota sugu. Nimesema kwa upole, nimesema kwa ukali, nimewaambia daktari amesema, nimewaambia waniangalie mimi ninayempangusa mate kila siku na sijaanguka. Wanaitikia kwa kichwa. "Ni kweli, mama, ni kweli." Kisha Jumapili inafika na mtoto anapewa sahani yake ya bluu, anakaa mlangoni kwetu, na wenzake wako kwenye sinia hatua chache tu kutoka hapo. Kipande chake cha chapati kilikuwa kikubwa kuliko cha wengine. Walikuwa watu wakarimu, na ukarimu huo ndio ulioniuma zaidi, kwa sababu haukuniachia mahali pa kugombania.

Mimi ni msusi. Nasukia watu nywele chini ya ngazi, ghorofa ya chini, na kichwa cha mtu kikiwa magotini mwako utasikia mengi. Nilisikia kwamba ukoo wetu una laana. Nilisikia kwamba mume wangu alikataa kulipa mahari ndiyo maana. Mume wangu, maskini, anatoka alfajiri kwenda kiwandani Industrial Area na kurudi amechoka hata kuvua viatu ni kazi. Maneno ya koridoo aliniachia mimi. "Wewe ndiye unayejua kujibu," aliniambia. Na kweli, nilijua.

Dawa ya kwanza ilimlaza. Alilala darasani, akalala juu ya chakula, na mwalimu akaniita kuniuliza kama huwa tunamnyima usingizi nyumbani. Kule kliniki ya hospitali ya serikali wakambadilishia, wakampa dawa ya maji yenye ladha tamu, asubuhi na jioni. Hiyo ilimfaa. Kifafa kikapungua, kisha kikanyamaza kabisa. Nilikuwa nikikaa roho juu juu kila alipochelewa chooni, na taratibu nikaanza kusuka nywele za watu bila kuangalia ngazi. Ukiwa hujawahi kulea mtoto anayeanguka, huwezi kujua utamu wa kufanya kazi bila kuangalia ngazi.

Kisha njaa ikaja. Sikujua kwamba ni ya dawa, nilidhani ni ya afya. Mtoto aliyekuwa akichezea ugali sasa alimaliza wake, akautazama wangu, nami nikamsogezea. Asubuhi aliamka akiuliza kuna nini. Akitoka shuleni aliingia sufuriani kabla ya kuvua yunifomu. Jioni moja baada ya kula aliniambia neno ambalo hadi leo nikilikumbuka linanikata: "Mama, tumbo limeshiba lakini mimi bado nataka." Nikacheka. Nilidhani ni maneno ya mtoto anayekua.

Akanenepa. Mashavu yakajaa, mikono ikaota mikunjo kama ya mtoto mchanga, sketi ya shule ikagoma kufunga kiunoni. Na hapo ndipo koridoo yetu ilipobadilika. Mwaka mzima nilihubiri kuhusu mate na hakuna aliyenisikia, lakini mashavu ya mtoto waliyasikia mara moja. Kwa watu wetu, mgonjwa ni yule anayekonda. Aliyenona amepona, na mama yake anasifiwa.

Jumapili moja mama wa mkabala alikuwa anasukuma chapati. Akamwona binti yangu anapita na sahani yake kwenda kukaa mahali pake. Akaweka chini kile kijiti chake cha kusukumia, akamtazama kuanzia juu hadi chini.

"Na huyu amenawiri hivi, bado anakaa kando kwa nini?" akauliza, kana kwamba ni mimi niliyemweka kando. "Kuja hapa. Nyinyi, msongeeni akae."

Watoto wakasogea. Binti yangu akanitazama kwanza kuona kama nimekubali, kisha akachuchumaa kati yao na kutia mkono kwenye sinia. Nilifurahi, na sitajitia hamnazo hapa kwamba sikufurahi. Niliingia ndani, nikakaa nyuma ya pazia nikalia kimya kimya. Sahani ya bluu niliisukumia chini ya kitanda.

Tangu siku hiyo alilishwa na kila mlango. Huyu anampa mandazi akienda shule, yule anamwitia soda, mwingine anamwekea ukoko wa pilau kwa sababu anaupenda. Mtoto ambaye watu walikuwa wakificha vikombe vyao akiomba maji, sasa anapapaswa mashavu na kuitwa bonge la mama. Mama wa mkabala alijitwalia sifa zote. "Huyu ni chapati zangu zimemponya," aliwaambia wageni. Nilimwachia hizo sifa. Ningemwachia na zaidi, bora mtoto akae kwenye sinia.

Shingo ndiyo iliyonishtua. Ngozi ya nyuma ya shingo ilianza kuwa nyeusi, nene, yenye mistari, na kwapani vilevile. Nilidhani ni uchafu. Wateja wangu walidhani hivyo pia, na mmoja akaniuliza kama bomba la ghorofa ya tano limekauka. Nilimsugua mtoto kwa dodoki mpaka akalia, na weusi ukabaki palepale. Pia alianza kusimama katikati ya ngazi. Anafika ghorofa ya tatu, anashika ukuta, anahema, na ana umri wa miaka tisa.

Kliniki tulipata daktari mwanamke, kijana, mwenye sauti ya taratibu. Alimpima uzito, akaitazama mizani, akampima tena. Akaiangalia shingo kwa muda mrefu. Akaagiza damu itolewe asubuhi kabla mtoto hajala, na kumzuia yule mtoto kula asubuhi ilikuwa vita. Siku ya majibu alinikalisha, akanieleza kwamba sukari kwenye damu imeanza kupanda, si kisukari bado lakini iko njiani. Ini pia limeanza kujaa mafuta. Ule weusi wa shingo haukuwa uchafu, ulikuwa mwili unaosema umeshindwa kuitumia sukari vizuri.

"Ni hii dawa," alisema. "Inazuia kifafa vizuri sana, lakini kwa watoto wengine inaleta njaa na kunenepesha, na mwili unaharibika mpangilio."

"Njaa ni ya dawa?"

"Sehemu kubwa, ndiyo."

Nilikasirika pale kwenye kiti. Nilimuuliza kwa nini hakuna aliyeniambia. Akasema pengine niliambiwa siku ya kwanza. Pengine, kweli. Siku ya kwanza nilikuwa na mtoto aliyetoka kuanguka kwenye foleni, na mtu akasema neno kuhusu kuongeza uzito kidogo. Mtoto wako akiwa anaanguka, nani anaogopa uzito kidogo? Daktari hakunijibu kwa hasira, na hiyo ilinifanya nijisikie vibaya zaidi. Aliniambia nisithubutu kuikata dawa ghafla, kifafa kitarudi kwa nguvu na kinaweza kumuua. Wao wataibadilisha pole pole, wakiingiza nyingine huku wakiipunguza hii, na itachukua miezi. Wakati huo, chakula kipunguzwe: sukari, soda, mandazi, chapati.

"Nyumbani ninaweza," nilimwambia. "Lakini mtoto wangu halishwi na mimi peke yangu."

"Basi zungumza na majirani," akasema. "Watakuelewa."

Alikuwa daktari mzuri, lakini hakuwahi kuishi kwenye ploti ya wapangaji kama yetu.

Fikiria ninavyokwenda kugonga mlango wa mtu aliyemrudisha mtoto wangu kwenye sinia, nimwambie asimpe tena chakula chake. Kwetu, na kwao pia, mtu humkataza mtoto wake kula kwa jirani kwa sababu moja tu. Kila mtu anaijua na hakuna anayeitaja. Nililijua hilo nilipokuwa bado ndani kwangu nikijipanga maneno. Nikapiga moyo konde, nikavuka koridoo.

Nilimkuta anachambua dengu. Nilianza kwa kumshukuru, nikamshukuru mara tatu, kisha nikaeleza habari za damu, ini na shingo. Nilisema ni dawa. Nilisema daktari. Alinisikiliza mikono ikiwa imesimama ndani ya sufuria.

"Sasa chakula changu kiko na nini?" akauliza.

"Hakina kitu, mama. Ni yeye asile kingi."

"Nimempa miezi yote hii, akanona mbele ya macho yako, ukanyamaza. Leo ini limeharibika, na ni kwangu umekuja."

"Nimekuja kwako kwanza kwa sababu ya heshima."

"Kama ni dawa, si uwache dawa? Mtoto mwenyewe alishapona."

"Nikiacha dawa ataanguka."

"Basi hajapona," akasema. Akarudi kwenye dengu zake, akaongeza bila kuinua kichwa, "Mimi sijawahi kumwekea mtoto wa mtu kitu kwa chakula. Mungu ananiona."

Niliapa kwamba sikumaanisha hivyo. Niliapa kwa mama yangu mzazi. Lakini kesho yake, nikiwa na kichwa cha mteja magotini, nilisikia kwamba kuna mwanamke wa ghorofa ya tano anayesema amelogewa mtoto kwa chapati. Mteja hakujua ni mimi. Nilimsuka mpaka mwisho, na nikiri nilizikaza zile nywele kidogo.

Milango mingine sikugonga. Haikuhitajika, kwa sababu neno lilikuwa limenitangulia. Mandazi yakakoma, soda ikakoma, na Jumapili sinia likawekwa kule mwisho wa koridoo karibu na bomba. Binti yangu alikwenda mwenyewe. Nilimwona anachuchumaa, nikamwona mama wa mkabala anamwinua kwa mkono, polepole, bila ukali wowote. "Enda kwenu. Mama yako hataki ule chetu." Alirudi, akanipita mlangoni, akaingia nyuma ya pazia. Nilimwekea mboga ya sukuma wiki na yai la kuchemsha. Akala yote, maana njaa ya dawa haina aibu, lakini hakusema nami mpaka asubuhi.

Miezi hiyo sitaki kuisimulia sana. Kumnyima chakula mtoto mwenye njaa ni kazi chafu, hata kama amekuagiza daktari. Alipekua kabati. Alikula unga mbichi wa uji, nikamkuta mdomo umekuwa mweupe. Aliniita mbaya. Nilimpiga kofi siku moja kisha nikamshika tukalia wote, na baba yake akiwa amesimama mlangoni na mfuko wa kazi hajui aende wapi. Nilimchukia mama wa mkabala, nikamchukia daktari, nikaichukia ile chupa iliyokaa dirishani, ingawa ndiyo iliyokuwa ikimweka mtoto wangu hai.

Hata hivyo ile dawa nyingine iliingia kidogo kidogo, na ya njaa ikatoka. Siku moja nilimpakulia ugali akauacha kidogo pembeni. Niliukodolea macho ule ugali. Ngazi akaanza kuzipanda bila kushika ukuta. Shingo ikaanza kurudi rangi yake, sketi ikafunga. Damu ilipopimwa tena daktari alitabasamu, akasema sukari imeshuka na ini linapumua. Na katika miezi yote hiyo hakuanguka hata mara moja. "Sasa anaweza kula na wenzake," akasema, "kwa kiasi tu." Nilitoka pale hospitalini nikitembea kama niliyeshinda kesi.

Sikungoja Jumapili. Nilivuka koridoo siku ileile nikiwa nimemshika mtoto mkono, nikamwambia mama wa mkabala kwamba yaliyopita yamepita, kwamba mtoto amepona, na kama atakubali, anaomba kukaa tena kwenye sinia. Niliomba kwa adabu zote nilizonazo. Alimtazama binti yangu kuanzia juu hadi chini, kama alivyomtazama ile Jumapili nyingine. Uso wake ukalainika. Nikadhani tumemaliza.

"Maskini," akasema. "Amekonda hivi. Kumbe ugonjwa ulirudi."

"Haujarudi, mama. Hajaanguka. Ni dawa imebadilishwa."

"Sawa, mama. Sawa." Akampapasa mtoto bega kwa ncha za vidole. "Jumapili aje. Hatuwezi kumnyima."

Jumapili alikwenda na gauni lake la kanisani. Sahani ya bluu niliiacha chini ya kitanda, ilikuwa na vumbi, nina hakika na hilo. Walikuwa wamenunua nyingine, ya bluu vilevile. Chapati ilikuwa imekunjwa juu yake vizuri, na dengu pembeni, nyingi kuliko za wengine. Aliipokea kwa mikono miwili kama nilivyomfundisha. Hakuna aliyemwonyesha pa kukaa. Alikuja mwenyewe mpaka mlangoni kwetu akakaa mahali pake pa zamani.

Alikula kidogo. Kisha akaniuliza, bila kulia, kama mtu anayeomba kununuliwa penseli, "Mama, unaweza kumwambia daktari anirudishie ile dawa ya njaa?"

Nilitoka nje, nikakaa sakafuni karibu naye, mbele ya sinia, mbele ya watoto wa watu na mama zao. Nikachukua ile chapati aliyokuwa ameiuma, nikaigeuza ili kila mtu aone, nikauma palepale alipouma yeye. Nikanywa maji kwenye kikombe chake mpaka yakaisha. Nilifanya hivyo kwa hasira, na dengu zikanimwagikia kwenye sketi. Mama wa mkabala alinitazama kwa huruma, kisha akaendelea kusukuma.

Wiki nzima hakuna aliyenitajia jambo hilo. Nilijiambia labda wameona, labda limewaingia. Jumapili ilipofika nikatoka na binti yangu, tumeshikana mikono. Mama wa mkabala aliinuka kutoka kwenye jiko lake, akaja kunipokea na sahani mpya ya kijani, ikiwa bado na kibandiko cha dukani.

"Hii ni ya kwako, mama," akasema. "Ya kwako peke yako."

Binti yangu alikuwa ameshakaa mlangoni. Akasogea kidogo, akanipa nafasi.